Joseph Cardijn: mtoto wa muuza makaa aliyeuliza vijana wanalipwa nini



Vijana wenzangu, leo tunaendelea na maisha ya waliotutangulia katika imani. Huyu wa leo, wengi wetu tumewahi kuvaa fulana ya chama chake bila kulijua jina lake. Kama wewe ni kijana wa parokia hapa Tanzania, VIWAWA unaijua. Unajua hija, semina, michezo ya dekania. Sasa hebu soma jina lenyewe taratibu: Vijana Wakatoliki Wafanyakazi. Vijana, sawa. Wakatoliki, sawa. Wafanyakazi? Hapo wengi tunapita haraka.

Mimi mwenyewe nilisimama hapo baada ya swali lililoulizwa kwenye kikundi chetu. Dada mmoja anauza duka kuanzia saa moja asubuhi mpaka saa mbili usiku. Akitoa nauli na chakula cha mchana, mshahara wake karibu wote umekwisha. Akauliza: je, bosi ananikosea, au ni kazi yenyewe ndiyo thamani yake hiyo? Tukagawanyika. Wengine walisema alikubali mwenyewe, hakuna aliyemlazimisha. Wengine wakasema kazi inayokula siku nzima ya mtu lazima imlishe huyo mtu. Mmoja akasema kama hataki aache, wapo wengi wanaoitafuta. Tukafunga kwa sala bila jibu.

Basi, yupo padre aliyelibeba swali hilohilo tangu ujana wake mpaka uzee wake. Tumfahamu.

Nyumba ya muuza makaa

Joseph Cardijn alizaliwa tarehe 13 Novemba 1882 huko Schaerbeek, pembeni mwa Brussels, Ubelgiji. Alikulia katika mji mdogo wa Halle. Wazazi wake, Mzee Henri na Mama Louise, walikuwa watu wa kawaida kabisa, wakiishi kwa jasho na biashara ndogo ya makaa ya mawe. Ukisikia biashara usifikirie ofisi na kiti cha kuzunguka. Ni kazi ya mgongo, ya mikono isiyotakata.

Ubelgiji wa siku zile ulikuwa nchi ya migodi na viwanda. Ilibidi itungwe sheria mwaka 1889 ili watoto wenye umri chini ya miaka 12 wasifanye kazi viwandani. Maana yake, ukishafika 12 mlango uko wazi. Mtoto wa maskini akimaliza shule ya msingi, hatua iliyofuata ilijulikana: kiwandani. Na watoto walipendwa kule kwa sababu moja, walilipwa kidogo kuliko watu wazima.

Mwaka 1891, Joseph akiwa na miaka 8, Papa Leo XIII alitoa waraka wa Rerum Novarum kuhusu hali ya wafanyakazi. Ndani yake Papa aligusa kabisa lile neno la "si alikubali mwenyewe". Alifundisha kwamba mwajiri na mfanyakazi wanaweza kupatana, lakini ipo haki iliyo juu ya mapatano yao: mshahara usipungue kiasi cha kumwezesha mfanyakazi mwenye maisha ya kiasi kuishi. Mtu akipokea chini ya hapo kwa sababu shida imembana, huko si kupatana. Ni kuonewa.

Joseph mdogo hakuwa anajua habari za nyaraka za Papa. Alichojua ni kwamba zamu yake ya kwenda kiwandani imekaribia. Usiku mmoja, wadogo zake wakiwa wamelala, alishuka peku hadi walipokaa wazazi wake, akawaambia anataka kuendelea na masomo awe padre. Fikiria uzito wake kwa baba. Mzee alikuwa anategemea kwamba sasa kijana ataanza kuleta chochote nyumbani. Lakini wazazi walikubali, na Mzee Henri akaendelea kufanya kazi kwa bidii zaidi ili mwanawe asome. Joseph akaingia seminari ndogo ya Mechelen.

Marafiki waliomgeuzia mgongo

Akirudi likizo aliwatafuta wenzake aliosoma nao. Walikuwa wamekwisha kuwa watu wa kiwandani. Hawakumpokea kama zamani. Machoni pao huyu sasa ni mtu wa upande wa pili, upande wa mapadre na matajiri. Wengi wao walikuwa wameacha Kanisa kabisa. Hawa ni vijana waliopokea Komunyo ya Kwanza pamoja naye! Miaka michache tu ya kiwandani ilitosha kuwachosha mwili, kuwavunja moyo na kuwaondolea sala.

Jambo hili lilimuumiza mno. Hakuwalaumu kwamba wana imani haba. Alijiuliza ni nini kimewapata kule wanakoshinda kutwa.

Kisha mwaka 1903 baba yake akawa mahututi. Joseph alifika akamkuta mwisho kabisa. Pale kitandani alimwona mtu aliyemalizika kwa kazi ili mwanawe asome. Akaweka ahadi mbele ya Mungu kwamba maisha yake yote atayatoa kwa ajili ya wafanyakazi. Alikuwa na miaka 20. Ahadi hiyo hakuivunja hata siku moja.

Padre mwenye maswali mengi

Alipadrishwa mwaka 1906. Akasoma kwa muda masuala ya jamii katika Chuo Kikuu cha Leuven, halafu akapangiwa kufundisha seminari ndogo. Ungedhani ndoto imeishia darasani, lakini likizo zake alizitumia kusafiri na kujifunza wafanyakazi wa nchi nyingine wanaishije.

Mwaka 1911 alikwenda Uingereza. Huko alikutana na Ben Tillett, mmoja wa viongozi wa mgomo mkubwa wa wapakuzi wa meli wa London wa mwaka 1889. Watu wale waliajiriwa kwa saa, leo upo, kesho hupo. Walichodai ni peni 6 kwa saa badala ya 5. Peni moja tu! Walioutafutia mgomo ule suluhu walikuwa pamoja na Kardinali Manning, Askofu Mkuu wa Westminster, mzee wa miaka 81. Peni yao wakaipata. Padre Cardijn akaona kwamba wanaodharauliwa kuliko wote, wakisimama pamoja kwa utaratibu, wanaweza kusikilizwa, na kwamba mahali pa Kanisa ni hapo katikati yao.

Mwaka 1912 alipelekwa parokia ya Laeken, Brussels. Parokia ile ina mambo mawili yasiyofanana: jumba la mfalme, na mitaa ya wafanyakazi. Padre Cardijn akaanza na mitaa. Aliwatafuta hasa wasichana: washonaji, wanafunzi wa ufundi, wa viwandani. Hakuja na hotuba ndefu. Alikuja na maswali. Ulianza kazi na miaka mingapi? Unaingia saa ngapi, unatoka saa ngapi? Unalipwa kiasi gani? Nani anakusumbua kazini? Halafu anawapa kazi ya kwenda kuwauliza wenzao maswali hayohayo na kuleta majibu.

Unaweza kusema, padre na mishahara ya watu wapi na wapi? Lakini ndiyo ilikuwa mbinu yake, na baadaye dunia nzima iliijua kwa maneno matatu: Kuona, Kuamua, Kutenda. Kwanza tazama hali ilivyo, kwa idadi na kwa majina ya watu. Pili ipime kwa mwanga wa Injili: hivi ndivyo Mungu alivyokusudia huyu mtu aishi? Tatu chukua hatua, hata kama ni ndogo, na uichukue pamoja na wenzako. Wasichana ambao hakuna aliyewahi kuwauliza kitu wakajikuta wanaongoza vikundi na kuingia katika vyama vya wafanyakazi.

Gerezani, Roma, na JOC

Vita Kuu ya Kwanza ilipokuja, Wajerumani waliikalia Ubelgiji, wakaanza kuwachukua wafanyakazi wa Kibelgiji kwa nguvu kwenda kufanya kazi Ujerumani. Padre Cardijn alilikemea hilo hadharani. Mwaka 1916 akakamatwa na kufungwa. Baadaye akafungwa tena. Gerezani alisoma, akasali, na kuandika mawazo ya chama cha vijana wafanyakazi alichokuwa akikiota.

Vita vilipokwisha, alikianzisha pamoja na vijana watatu walei: Fernand Tonnet, Paul Garcet na Jacques Meert. Kikaja kuitwa JOC, kifupi cha Kifaransa cha Vijana Wakristo Wafanyakazi. Si wote waliofurahi. Waajiri wengine walimwona mchochezi. Hata ndani ya Kanisa walikuwepo waliosema anawatenga vijana wa Kikatoliki kwa matabaka, na kwamba vijana wa kiwandani hawawezi kujiongoza. Mwaka 1925 alikwenda Roma akamweleza Papa Pio XI mwenyewe. Papa akampokea kwa furaha na kumbariki, na chama kikaanza kuenea nchi baada ya nchi, mpaka Afrika. VIWAWA yetu ni tawi la mti huo.

Vita Kuu ya Pili ikaja na gharama nyingine. Cardijn alikamatwa tena mwaka 1942. Yeye aliachiwa. Tonnet na Garcet, wale wenzake wa mwanzo, walifia katika kambi ya Wanazi ya Dachau mwaka 1945.

Sasa, kila kazi?

Turudi kwa dada yetu wa dukani. Cardijn angemjibu nini?

Mafundisho yake yote yalisimama juu ya jambo moja. Kijana mfanyakazi, hata yule anayefagia, ana thamani kupita dhahabu yote ya dunia, kwa kuwa ni mwana wa Mungu. Ukianzia hapo, swali linageuka. Sisi kwenye kikundi tulikuwa tunapima kazi: hii kubwa, hii ndogo. Yeye alimpima mtu. Kazi inaweza kuwa ndogo, lakini anayeifanya hana tumbo dogo. Anayefagia analipa kodi ya chumba ileile na ananunua unga kwa bei ileile. Na kama hiyo kazi inahitajika kiasi cha kumchukua mtu kutwa nzima, basi aliyeihitaji anamhitaji mtu mzima, si mikono yake peke yake.

Lakini tusijidanganye kwamba ni rahisi. Kuna hoja ambayo ni ya kweli: wapo waajiri ambao wenyewe hawana. Mama muuguzi ana watoto wawili na dada wa kazi. Mshahara wa dada unatoka kwenye mshahara wa mama, na huo wenyewe unasuasua. Ukimwambia alipe zaidi, huenda dada akakosa kazi kabisa. Tumsute?

Papa Pio XI, yuleyule aliyembariki Cardijn, aliliona hili katika waraka wake wa mwaka 1931, Quadragesimo Anno. Alisema mshahara wa haki uangalie mambo matatu: mahitaji ya mfanyakazi na familia yake, hali ya biashara, na manufaa ya wote. Si haki kudai mshahara unaoiua biashara. Ila akaongeza mambo ambayo waajiri wengi hawapendi kuyasikia. Kama faida ni ndogo kwa sababu ya uzembe wa mwenye biashara, hiyo si sababu ya kumpunja mfanyakazi. Na kama biashara inashindwa kulipa kwa kuwa inabanwa na wengine isivyo haki, basi wanaoibana ndio wanaomnyima mfanyakazi haki yake. Wakati huohuo mwajiri na mfanyakazi wakae pamoja watafute njia.

Kwa hiyo mama muuguzi hatumsuti, ila naye hajamaliza deni. Mshahara usipotosha bado kuna saa za kupumzika, siku ya kwenda Misa, nafasi ya kujifunza cherehani, na kumlipa kwa tarehe bila kuzungushwa. Na bado kuna swali la kwa nini mshahara wa muuguzi hautoshi. Hapo linapanda juu, kwa waajiri wakubwa na kwa serikali. Swali la mshahara halimwishii mtu mmoja.

Msimamo ninaousoma katika maisha ya Cardijn ni huu: ndiyo, kila kazi ya kutwa inapaswa kumwezesha anayeifanya kuishi, na pale ambapo haiwezekani leo, hakuna ruhusa ya kuizoea hali hiyo na kuiita kawaida. Kuiita kawaida ndiko kulikowapoteza marafiki zake wa Halle.

Kofia nyekundu na kaburi la Laeken

Uzeeni hakutulia. Alizunguka mabara akikutana na vijana wafanyakazi. Mwaka 1961 Papa Yohane XXIII alitoa waraka wa Mater et Magistra, na ndani yake zikaingia zile hatua tatu za kuona, kuamua na kutenda, kama njia ya Kanisa zima. Waraka huohuo unafundisha kwamba mshahara hauwezi kuachiwa soko peke yake, bali umpe mfanyakazi maisha yanayomstahili binadamu na uwezo wa kutunza familia yake. Ule upole wa swali lililoanza na wasichana washonaji ulikuwa umefika mbali.

Mwaka 1965 Papa Paulo VI alimfanya kardinali, akiwa na miaka 82. Alishiriki kikao cha mwisho cha Mtaguso wa Pili wa Vatikano. Akafariki tarehe 24 Julai 1967. Mchakato wa kumtangaza mwenyeheri umeshafunguliwa.

Amezikwa Laeken, katika kanisa la Bikira Maria. Kanisa hilohilo ndilo lenye makaburi ya wafalme wa Ubelgiji. Yumo Leopold II, ambaye utajiri wake wa mpira wa Kongo ulitoka kwa watu waliofanyishwa kazi kwa nguvu, kwa mateso na vifo. Chini ya paa moja wamelala aliyemwona mfanyakazi kuwa kitu cha kukamuliwa, na mtoto wa muuza makaa aliyemwona kuwa mwana wa Mungu. Sisi wa huku tuna sababu ya kulitafakari hilo.

Kwako na kwangu

Mtume Yakobo anatuonya katika sura ya 5 ya barua yake kwamba ujira waliozuiliwa wafanyakazi wa mashamba unamlilia Mungu. Tukilisoma tunawafikiria mabosi wakubwa. Lakini kijana mwenzangu, huenda wewe tayari ni bosi wa mtu. Una bodaboda umempa mwenzako akuletee hesabu kila jioni. Una binti anakusaidia kwenye genge. Una kijana unamwita fundi mwanafunzi mwaka wa tatu sasa, na kazi anafanya za fundi kamili. Hata parokiani petu: tunajua mpishi, mlinzi na mpiga kinanda wanapata nini?

Wiki hii tujaribu njia ya Padre Cardijn:

1. Kuona. Muulize mtu mmoja anayefanya kazi karibu nawe: unaingia saa ngapi, unatoka saa ngapi, unachopata kinakufikisha tarehe ngapi? Sikiliza bila kukatiza.
2. Kuamua. Peleka majibu yake mbele ya Ekaristi. Muulize Yesu, fundi seremala wa Nazareti, anaonaje.
3. Kutenda. Fanya jambo moja. Kama wewe ndiye unayelipa, anza kwako. Kama wewe ndiye unayelipwa, usikae peke yako, tafuta wenzako.

Yule dada wa dukani tumepanga kukutana naye tena Jumapili hii. Safari hii tutaanza kwa kumuuliza yeye.

Tusali

Bwana Yesu, mikono yako ilishika randa na msumeno kabla ya kushika mkate wa Karamu ya Mwisho. Uwaangalie vijana wanaoamka usiku kwenda kazini na kurudi mikono mitupu. Utupe macho ya kuwaona, moyo wa kupima kama upimavyo wewe, na ujasiri wa kutenda. Tusile jasho la mtu yeyote. Amina.

Mtakatifu Yosefu Mfanyakazi, utuombee.